/dev/sda imezeeka, tuizike

Nitalisema mapema ili asiyetaka ugomvi afunge ukurasa sasa hivi: majina ya diski ya aina ya /dev/sda1 yanafaa kuondolewa kwenye Linux. Sisemi yafichwe, wala sisemi yawekewe onyo dogo kwenye maelekezo ambayo hakuna anayeyasoma. Yaondolewe, kwa ratiba inayojulikana, kama walivyoondolewa ndugu zao wakubwa akina /dev/hda. Na sisi mafundi wa huku Kitale na Bungoma, hasa wale wanaofundisha vijana kazi ya seva, tuanze kuyaacha leo bila kungoja watu wa kerneli.

Kwa wasomaji ambao hawashindi kwenye terminali, maelezo kidogo. Diski ya kompyuta (au tarakilishi, kama mwalimu wangu wa Kiswahili angependa niandike) hukatwa vipande kama shamba la Trans Nzoia linavyogawiwa wana wa mzee. Kila kipande kinaitwa patisheni. Mfumo endeshi lazima uwe na jina la kila diski na kila patisheni, ili ukisema "hifadhi hapa" ujue hapa ni wapi. Kwenye Windows umezoea C: na D:, na kama umewahi kutumia saiba ya mjini unajua kwamba flashi yako kwenye mashine hii ni E:, kwenye mashine ya jirani ni G:. Herufi hizo ni za kale. DOS ilizirithi kutoka CP/M, na A: na B: zilikuwa za diski za flopi. Flopi zimekufa, watoto wa leo wanaijua kama kapicha ka kubofya ukitaka kuhifadhi faili, lakini diski yako kuu bado inaitwa C: kwa heshima ya marehemu wawili waliotangulia mbele yake kwenye foleni.

Kwenye Linux diski ya kwanza ni /dev/sda, ya pili ni /dev/sdb, na patisheni ya kwanza ya diski ya kwanza ni /dev/sda1. Jina safi, fupi, lina mpangilio. Shida yote iko kwenye hilo neno "kwanza". Kwanza kwa kipimo gani?

Si kwa ukubwa, si kwa umri, wala si kwa tundu ambalo diski imechomekwa. Ni ya kwanza kugunduliwa na kerneli mashine inapowaka. Basi, hakuna kingine. Na kerneli za siku hizi haziulizi vifaa kimoja kimoja kwa utaratibu. Zinauliza vingi kwa wakati mmoja ili mashine iwake haraka, na anayejibu mbele anapewa herufi ya mbele.

Msimu wa mavuno pita nje ya maghala ya nafaka hapa Kitale uone foleni ya malori ya mahindi. Lori la tatu leo si lori la tatu kesho. Karani wa mizani analijua hilo, ndiyo maana kwenye tikiti haandiki "lori la tatu", anaandika nambari ya gari. Karani huyo hana digrii ya sayansi ya kompyuta. Sisi tunazo, na bado tunaandika "lori la tatu" kwenye faili ya /etc/fstab na kwenda kulala.

Haikuwa hivi tangu mwanzo, na hapa ndipo wanaotetea majina haya kwa jina la "desturi" wanaponishangaza. Jina la zamani, /dev/hda, lilikuwa na maana. Enzi za diski za IDE, zile za waya bapa mpana wa kijivu, ubao wa mashine ulikuwa na njia mbili na kila njia ilibeba diski mbili. hda ilikuwa diski kuu ya njia ya kwanza, hdb msaidizi wake, hdc diski kuu ya njia ya pili, hdd msaidizi wake. Ukichomoa hdb, hdc ilibaki hdc. Jina lilitaja mahali, na mahali hapakuhama mpaka mtu achukue bisibisi na kufungua kasha.

sd yalikuwa majina ya diski za SCSI, za seva za wenye pesa, na herufi zao ziligawiwa kwa zamu ya kugunduliwa. Ikaja SATA. Sehemu ya kerneli inayozishughulikia, libata, ilijengwa juu ya mfumo wa SCSI, kwa hiyo diski za SATA zikawa sd. Flashi za USB nazo sd. Mwishowe libata ikameza hata zile IDE za zamani: Fedora 7, iliyotoka Mei 2007, ilikuwa miongoni mwa matoleo ya mwanzo kufanya hivyo. Unasasisha, unawasha, hda haipo, imekuwa sda. Waliokuwa na patisheni nyingi walipata pigo la ziada, maana diski ya hda iliruhusiwa patisheni 63 na ya sda 15 tu, hadi kikomo hicho kilipolegezwa baadaye. Draiva ya kale ya IDE iliendelea kukaa kwenye kerneli kama mgeni asiyeaga, mpaka Linux 5.14 ya Agosti 2021 ilipoifuta kabisa.

Kelele zilikuwa nyingi wakati wa mabadiliko hayo. Lakini angalia kilichotokea hasa. Faili ya fstab iliyotaja /dev/hda1 ilipata jibu moja tu: kitu hicho hakipo. Mashine iligoma kuwaka, fundi akatukana, akarekebisha mistari miwili, akaendelea na chai yake. Jina lililokufa haliwezi kukupeleka kwenye diski nyingine. Linakuachia hasira tu, na hasira inapoa.

sda haijafa. Ukiita, inaitika. Ila leo anaitika huyu, kesho anaitika yule, na wewe huoni sura. Hiyo ndiyo hoja yangu yote, mengine ni mapambo: jina linalobaki wakati maana yake imehama ni hatari kuliko jina lililofutwa. Watu wanaliita hilo upatanifu na matoleo ya zamani. Mimi sioni kinachopatana hapo. Kilichobaki ni tahajia.

Nitoe mfano wa karibu. Mwaka uliopita niliitwa na shule moja ya upili katika kaunti ya Bungoma, jina naliacha. Wana seva ndogo ya Linux inayobeba alama za mitihani na rekodi za karo. Diski tatu: ya mfumo, ya data, na ya nje ya USB kwa ajili ya bakapu. Tundu za SATA kwenye ubao zilikuwa zimeharibika isipokuwa moja, kwa hiyo diski ya data ilichomekwa kwenye kadi ya kuongeza tundu, jambo la kawaida kwa mashine za mitumba. Aliyeisimika ni fundi mzuri, kazi zake nyingine nimeziona na hazina kasoro. Aliandika skripti ya usiku yenye mstari mmoja wa maana:

dd if=/dev/sdb of=/dev/sdc bs=4M

Maana yake: kila saa nane usiku nakili diski nzima ya data juu ya diski ya bakapu. (Kunakili kwa dd diski ambayo inatumika ni dhambi nyingine, leo tuiache.) Ilifanya kazi zaidi ya mwaka mmoja bila neno.

Kisha diski ya bakapu ikafa. Ijumaa wakanunua mpya, TB 1, sawa na ile ya data, ikiwa na patisheni moja tupu. Wakaichomeka. Jioni hiyo stima ikapotea, ikarudi usiku, mashine ikajiwasha yenyewe kama ilivyopangwa. Safari hii draiva ya ile kadi ilichelewa kidogo na diski ya USB ikajibu mbele. Kwa hiyo diski mpya tupu ikawa sdb, na diski ya data ikawa sdc.

Saa nane usiku skripti ikafanya ilichoambiwa. Ilichukua diski tupu na kuinakili, kwa utiifu kamili, juu ya alama zote na karo zote. TB 1 kwa mwendo wa MB 100 kwa sekunde ni chini ya saa tatu. Kabla ya jogoo wa pili kazi ilikuwa imekwisha. Jumatatu mwalimu wa taaluma akafungua programu yake na kukuta ukurasa mweupe.

Nilipofika nilipitia rekodi za mashine nikitafuta kosa. Hakuna. fstab ilikuwa na /dev/sdb1 na neno nofail, na /dev/sdb1 ilikuwepo, ikapachikwa bila lalamiko. dd ilimaliza salama na kuandika idadi ya baiti ilizonakili. Kila amri ilifaulu. Mfumo ungekuwa umefuta jina, skripti ingeanguka na kupiga kelele, na Jumatatu tungekuwa tunazungumzia bakapu iliyokosa usiku mmoja. Badala yake walimu waliingiza upya alama za muhula kutoka kwenye karatasi walizokuwa wamezihifadhi kwa bahati, na wazazi wakaombwa walete risiti za karo walizolipa. Mzazi wa kutoka Chwele aliyelipa kwa awamu nne, na risiti mbili amezipoteza, utamwambia nini? Utamweleza kwamba kadi ya SATA ilichelewa nusu sekunde?

Najua jibu litakalokuja: "Fundi angetumia UUID." Ndiyo. Ndicho ninachosema. Lakini mbona hakutumia? Suluhisho si geni. udev, programu inayosimamia faili za vifaa kwenye Linux, ilianza mwaka 2003, na imetupa saraka nzima ya /dev/disk yenye majina ya kweli: by-uuid, by-label, by-id na mengineyo. Ubuntu 6.10 ya Oktoba 2006 ilikuwa tayari inaandika UUID kwenye fstab. Hiyo ni karibu miaka ishirini. Kijana aliyezaliwa mwaka huo ameshaingia chuo, na siku ya kwanza ya somo la Linux anafundishwa /dev/sda. Jina la zamani lipo, ni fupi, linafanya kazi mezani, na kila mwongozo wa mtandaoni unalitumia. Ukiacha mlango wazi kwa miaka ishirini na kubandika karatasi ya "tafadhali tumia mlango mwingine", watu wataendelea kuingilia pale pale.

Hili la kutomaliza tunalijua vizuri Kenya. Mikoa ilikoma na kaunti 47 zikaanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Hadi leo naletewa programu za kurekebisha ambazo kwenye fomu ya mteja zina orodha ya kuchagua mkoa: Kitale chini ya Bonde la Ufa, Bungoma chini ya Magharibi, na chini yake "wilaya". Kila mwandishi wa programu aliyepita aliogopa kuifuta safu hiyo, "huenda kuna ripoti inayoihitaji". Matokeo yake ni data ambayo nusu ya wateja wana kaunti bila mkoa, nusu wana mkoa bila kaunti, na wachache wana vyote viwili ambavyo havikubaliani. Si kwamba mabadiliko yalikuwa magumu. Yaliachwa katikati.

Kuna waliofanya vizuri, na ni haki kuwasifu. Debian 6.0, iliyoitwa Squeeze, ilitoka Februari 2011, na kwao ndipo diski za IDE zilipohama kutoka hd kwenda sd. Hawakuandika onyo tu na kunawa mikono. Walitengeneza kifurushi, linux-base, ambacho wakati wa kusasisha kiliona majina ya zamani kwenye fstab na mafaili mengine ya mfumo, kikakuuliza kama kiyageuze kuwa UUID, kisha kikafanya kazi hiyo. Huo ndio ustaarabu: unahamisha watu pamoja na mizigo yao. FreeBSD nao, kwenye toleo la 9.0 la Januari 2012, walibadilisha ad kuwa ada (diski iliyokuwa ad4 ikaweza kuamka ikiwa ada0) na wakaacha majina ya zamani kama viungo vya kuelekeza kwenye mapya, ili mashine iwake wakati unasafisha nyumba. Daraja, kisha uvuke.

Pendekezo langu basi, na najua kuna watakaocheka. Hatua ya kwanza: zana zinazoharibu, yaani mkfs, wipefs, fdisk, dd, ziandike onyo la kuudhi kila zinapopewa jina la zamu, na palepale zionyeshe jina la kweli la diski hiyo pamoja na modeli yake. Hatua ya pili, baada ya matoleo kadhaa: herufi zichanganywe makusudi. Kila mashine inapowaka, diski zipewe herufi kwa bahati nasibu. Usicheke. Watu wa lugha ya Go walifanya hivi hivi. Tangu Go 1 ya mwaka 2012, ukipitia vipengele vya map, mpangilio hubadilishwa makusudi, kwa sababu waliona waandishi wa programu wanategemea mpangilio ambao haukuahidiwa. Programu mbovu ikavunjika siku ya kwanza kwenye meza ya mwandishi badala ya kuvunjika mwaka wa tatu kwa mteja. Ile skripti ya Bungoma ingeanguka siku ya kuijaribu, fundi angekuna kichwa, na shule isingejua lolote. Hatua ya tatu: majina yatoke, libaki jina la ndani la kerneli ambalo mtumiaji halioni.

Wapo watakaonikumbusha kanuni ya Linus Torvalds kwamba kerneli haivunji programu za watumiaji. Kanuni nzuri, naiheshimu, imenilisha. Lakini kerneli haijawahi kuahidi kwamba sdb ya leo ndiyo sdb ya kesho. Programu inayotegemea hilo imeshavunjika, inangoja tu siku yake. Kinachohifadhiwa ni muda wa kungoja.

Pingamizi la pili nalichukulia kwa uzito zaidi, kwa sababu linatoka kwa watu wanaofanya kazi kwa simu. UUID ina herufi na tarakimu 32, ukiongeza vistari ni 36. Mimi niko Kitale, msimamizi wa maabara yuko Bungoma, mtandao wa kuingia kwa mbali umekatika, na kati yetu kuna Kiminini, Kamukuywa, Misikhu na Webuye. Nimsomee? Nimewahi. "b kama Bungoma, c kama Chwele, e kama Elgon, f kama fundi, sasa saba, saba tena..." Dakika ya nne akaniambia, "Mkubwa, salio linaisha, si uniambie tu sda1?" Simlaumu.

Lakini nani alisema chaguo ni mawili tu? Kuna lebo. Patisheni ya ext4 inabeba lebo ya herufi 16, na patisheni ya diski ya GPT ina jina lake lenyewe la hadi herufi 36. Amri moja, e2label, na patisheni inaitwa KARO au BAKAPU. Kisha fstab inasomeka hivi:

LABEL=KARO /srv/karo ext4 defaults,nofail 0 2

Hilo hata mwalimu mkuu anaweza kulisoma kwa simu. Watumiaji wa Mac wameishi hivi miaka mingi. Ndani kuna disk0s1, lakini wao wanaona jina la diski tu na hawajapungukiwa na kitu.

La tatu: mapacha. Maabara zetu nyingi hutengenezwa kwa kunakili diski moja kwenye mashine arobaini, na nakala hubeba UUID ile ile na lebo ile ile. Kweli. Kila moja ikiwa ndani ya mashine yake hakuna tatizo. Tatizo linakuja ukichomoa diski ya mashine ya saba kuichomeka kwenye ya nane uokoe faili za mwanafunzi. Ndiyo maana kwa kazi za dd usitumie UUID wala lebo, tumia by-id, ambayo imetengenezwa kwa modeli na nambari ya kiwandani ya diski. Nambari hiyo imechapishwa kwenye stika ya diski yenyewe. Unaishika mkononi, unasoma, unalinganisha na skrini. Jina gani lingine la diski unaweza kulithibitisha kwa macho? sdb haijaandikwa popote kwenye chuma. Ukweli mmoja wa kuudhi: baadhi ya adapta za bei rahisi za USB huficha nambari ya diski na kutoa ya kwao, wakati mwingine adapta mbili nambari moja. Ukiwa nazo, rudi kwenye lebo na uzitofautishe tangu mwanzo.

Tena ukitumia by-id na dd ongeza conv=nocreat. Bila hiyo, diski isipokuwepo, dd itaunda faili ya kawaida yenye jina hilo na kuanza kujaza kumbukumbu ya mashine. Hilo si la majina, lakini limenipotezea jioni nzima ya mteja, nimeona nilitaje.

Na la nne, la wakongwe: "Mimi najua ninachofanya, naangalia lsblk kwanza." Sawa, mzee wangu, angalia. Ukikaa kwenye kibodi na macho yako mawili, sda haina neno, hata kwa miaka mingine kumi. Skripti haina macho. Cron haiangalii lsblk saa nane usiku. Na yule kijana uliyemwachia mashine hakuwa nyuma ya bega lako ulipokuwa ukiangalia. Halafu mazoea hayo yanakudanganya hata wewe: diski za NVMe zinaitwa nvme0n1p1, kadi za SD mmcblk0p1, diski za mashine pepe za KVM vda1. Kwenye mashine za Amazon unaweza kuambatisha diski ukiiita /dev/sdf, ndani ikatokea ikiwa nvme1n1. Skripti ngapi nimeona zinazokata tarakimu ya mwisho ili kupata jina la diski, zikageuza nvme0n1p1 kuwa nvme0n1p, kitu ambacho hakipo duniani? GRUB naye, ili tusilale, alihesabu patisheni kuanzia 0 kwenye toleo la zamani, na GRUB 2 akaanza kuhesabu kuanzia 1, huku diski zikibaki kuanzia 0. Hiyo ndiyo desturi tunayoambiwa tuilinde.

Kwa wanaofundisha, vyuoni na kwenye zile kozi za wiki sita: msibadilishe mtalaa, badilisheni mifano. Mwanafunzi aandike lebo kabla ya kuandika fstab. Kwenye zoezi la kutengeneza flashi ya kusakinisha Linux, ambako vijana wengi hufuta diski ya kaka yao kwa mara ya kwanza, aandike njia ya by-id mwenyewe kwa mkono mpaka achoke. Na mtihani usiulize "diski ya pili inaitwaje". Haina jina. Ina zamu.

Kama una seva mahali, jioni hii endesha hii:

sudo grep -rnE '/dev/(sd|hd|vd|xvd)[a-z]' /etc /root /home /usr/local

Maoni ya faili za mipangilio yaruke, hayadhuru. Mistari ya kweli igeuze mmoja mmoja, ukitazama lsblk -f na ls -l /dev/disk/by-id ujue nani ni nani, kisha endesha findmnt --verify kabla ya kuzima mashine. Nilipoifanya kwa mteja mmoja wa Kitale mwezi uliopita ilitoa mistari 23, minne tu ikiwa hai. Ikikupa jibu tupu usishangilie bado. Angalia na /var/spool/cron, huko ndiko ninakozikuta nyingi.